Vumbi la Mwamapalala

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Fabian Ngusa anaapa kwa kaburi la mama yake, kwa reli ya Mwanza na kwa meno ya mbele aliyobakiwa nayo, na anayetaka kumwapisha kwa Biblia aje nayo, ataishika. Anajua fika kwamba kijiji chake cha Mwamapalala kikimsikia anaapa, watu husogeza vigoda wapate kucheka vizuri. Ni yeye aliyesema kwamba alipokuwa mshika bendera stesheni ya Malampaka alisimamisha treni ya mizigo kwa kupiga chafya. Ni yeye aliyesema kuna mwaka mvua ya kule ililowesha ng'ombe upande mmoja tu, ule mwingine ukabaki na vumbi lake, mwenye ng'ombe ikabidi amgeuze. Hayo, sawa, yachekwe. Hili la Luhende halina chafya ndani yake.

Luhende alikuwa jirani yake na rafiki yake tangu walipokuwa wanachunga. Mmoja akaenda reli, mwingine akabaki na pamba na ng'ombe, na Fabian alipostaafu akarudi nyumbani, wakaendelea palepale walipoachia, Fabian akisema na Luhende akisikiliza. Luhende hakuwa mtu wa maneno. Maishani mwake alitamka neno kubwa moja tu, na hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Alilitamka siku binti yake wa pekee, Felisita, alipoondoka na mchuuzi wa samaki wa Lamadi aitwaye Marcelo bila hata ndama mmoja kuletwa. Luhende alisimama katikati ya uwanja wake, akaita majirani wasikie, akasema mtoto yule asikanyage tena pale, na tumbo lake lisishike. Ilikuwa hasira ya siku moja. Pamba ya mwaka ule haijavunwa, hasira ilikuwa imeshakwisha. Lakini neno likabaki limesimama pale uwanjani, na huko Lamadi Felisita akabeba mimba ikatoka, akabeba nyingine nayo ikatoka. Baba akasikia, mtoto akajua kwamba baba amesikia, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Mimba ya tatu ilipokaa miezi kadhaa bila kutikisika, Felisita alimpigia shangazi yake Philomena, dada yake Luhende. Hakulaumu. Aliomba jambo moja, kwamba baba aje aliondoe neno lake kabla yeye hajafikia siku zake za kujifungua.

Sasa mtu atauliza, si angepanda basi? Mabasi ya Lamadi yapo, yanapita Bariadi kila siku. Lakini ukoo wa kina Luhende una namna yake. Neno lililosemwa mtu akiwa amesimama kwenye uwanja wake huondolewa kwa miguu ileile. Mwenye neno hukanyaga peku ndani ya zizi lake mpaka vumbi lipande vifundoni, huvaa katambuga zake za tairi, kisha hutembea hadi alipo mtoto, hapandi chombo na haoshi miguu. Akifika, mtoto ndiye humwosha. Hapo baba hunywa funda moja la maji, humpulizia mtoto kifuani, na kusema neno limetoka. Kinachotakiwa ni vumbi la nyumbani lifike. Likioshwa njiani, kwa mto au kwa mvua, safari imekufa. Mtu hugeuka, hurudi kwake, huanza upya zizini. Wapo wa ukoo huo ambao siku hizi hutengua maneno yao kwa simu. Luhende alisema angekuwa amelaani kwa simu, na yeye angetengua kwa simu.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba na mawingu yalishaanza kupita yakitazama mashamba. Philomena alimwambia kaka yake kifua chake hakifai kwa safari ile, tena mvua ziko mlangoni. Luhende akajibu kwamba akingoja kiangazi kingine, mimba haitangoja naye. Mtu wa kumsindikiza alitakiwa, awe shahidi na mbeba chakula. Fabian akajitolea kabla hajaombwa. Sababu ni mbili. Alimpenda yule mzee, na alikuwa na simu janja aliyoletewa na binti yake Gloria kutoka Dar, simu ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijapata kazi ya maana.

Kazi ikawa hiyo. Kila jioni Fabian atafute mtandao, afungue utabiri wa hali ya hewa, asome mbele kuna nini. Luhende hakusoma shule. Siku ya kuondoka, akiwa na vumbi la samadi hadi vifundoni na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu alivyochemsha na kukausha mwenyewe kwa ajili ya binti yake, alimwekea Fabian sharti lake.

"Ng'wana Ngusa, maneno yako mimi siyaamini tangu tukiwa watoto. Lakini hayo ni ya simu. Wewe soma tu."

Wakaenda. Njia yao ilikuwa Bariadi, kisha Dutwa, kisha Ngasamo, ndipo mtelemko wa kwenda ziwani. Kwa basi ni safari ya kusinzia kidogo. Kwa wazee wawili, mmoja wao anayekohoa, ni nchi nzima. Walitembea asubuhi mpaka jua lilipouma, wakajilaza kivulini, wakatembea tena jioni, wakaomba pa kulala kwa watu. Fabian alilipia malazi kwa mdomo. Kijiji kimoja aliwaambia wenyeji kwamba Luhende anafanya mazoezi ya mbio za kimataifa za wazee. Bariadi mjini, alipokuwa anachajisha simu kwa kinyozi, alieleza kwamba wametumwa kupima barabara kwa nyayo kwa sababu vipimo vya wataalamu vimegongana. Kinyozi akawaletea viti. Luhende alitabasamu tu, akaiweka miguu yake mbali na ndoo ya maji.

Na kila jioni Fabian alisoma kwa uaminifu. Hili nalo ni kweli. Jua, alisema, na ilikuwa jua. Wingu bila mvua, alisema, na likapita wingu bila mvua. Luhende akaanza kuiheshimu ile simu kama mtu. Asubuhi aliuliza imeamkaje. Siku moja alimwuliza Fabian kama simu hiyo inaweza kujua mtoto atakuwa wa kike au wa kiume, Fabian akamwambia inajua ila bando ndilo halitoshi. Luhende akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akakaa chini. Ndipo Fabian alipoona kwamba kile kifua si cha mzaha.

Ngasamo walifikia kwa Evalina, mjane, mkwe wa mbali wa upande wa mke wa Fabian. Evalina alikuwa na nyumba ya bati, uwanja uliofagiwa, na masikio ambayo hayajawahi kusikia habari ya chafya ya Malampaka. Alimkamata jogoo palepale. Luhende alijinyoosha kwenye mkeka, miguu yake ikiwa nje ya mkeka isipanguse kitu, akafumba macho. Kifua chake kilikuwa kinatoa mlio kama mlango wa ghala.

Jua likiwa linazama, Fabian alizunguka nyuma ya nyumba, akapanda kichuguu, akanyanyua simu mpaka mtandao ukashika. Utabiri ukafunguka. Kesho, mvua na radi kuanzia saa sita mchana, wilaya yote ya Busega mpaka ziwani. Keshokutwa, mvua. Siku ya tatu, mvua. Mistari ile ya bluu ilikuwa imepangwa pale chini ya alama ya wingu, wala haikuhitaji miwani.

Hakukuwa na la kutafakari sana. Kungoja kusingesaidia, maana vuli ya mwaka ule ilikuwa inaanza. Lililobaki ni kuondoka jioni ileile, kwenda na ubaridi, kupumzika kidogo njiani na kuingia Lamadi kabla ya saa sita. Fabian akasimama juu ya kichuguu. Aliwaza kifua cha Luhende. Hilo alikuja kulikumbuka mara nyingi baadaye, ili limsaidie. Lakini aliwaza pia malengelenge ya miguu yake mwenyewe. Aliwaza pia jogoo. Na aliwaza ni mara ngapi simu zimesema mvua na mvua ikanyesha kwa jirani.

Aliporudi, Luhende alifumbua macho.

"Inasemaje?"

"Kavu," Fabian akasema. "Kavu mpaka Jumapili."

"Imesema simu?"

"Imesema simu."

"Basi na tulale kama watu," Luhende akasema, akageukia ukuta.

Jioni hiyo Evalina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Treni ilisimama mara mbili, maana alitaka kuisikia tena. Asubuhi walikunywa uji taratibu, wakaaga taratibu, na jua lilikuwa limeshapanda walipoishika barabara.

Mvua iliwakuta mahali ambapo ziwa linaanza kuonekana kama mstari mweupe, na mabati ya Lamadi yanamulika chini kule. Pembeni palikuwa na majaruba ya mpunga yaliyopasuka kwa ukame, hakuna nyumba, hakuna mti wa kusema mti. Kwanza ulikuja upepo wenye harufu ya samaki na udongo. Luhende akasimama, akanusa. Akaanza kukimbia.

Mzee yule alikimbia. Katambuga zilipiga barabarani kofi, kofi, kifurushi cha matobolwa kikimrukaruka mgongoni, na Fabian nyuma yake akimwita asimame, atakufa. Tone la kwanza lilipowaangukia, Fabian alimfikia, akamkalisha ukingoni, akavua koti lake, akaizungushia miguu ya mwenzake, akaipakata mapajani mwake na kuinamia kwa mwili wake wote kama mtu anayefunika jiko. Mvua ikampiga mgongo. Walikaa hivyo. Lakini maji hayakuja kwa juu tu. Yalitelemka na barabara, mekundu, yakapita chini yake, yakapanda kwenye koti, yakajaa.

Ilipopungua, Luhende mwenyewe ndiye aliyelifungua koti. Miguu yake ilikuwa safi. Ilikuwa miguu ya mzee aliyeoga, na ngozi yake imejikunja kwa baridi. Aliitazama kwa muda.

"Simu ilisema kavu," akasema.

"Imekosea," Fabian akajibu. "Simu za siku hizi."

"Basi imejifunza kwako."

Hakusema kwa ubaya. Hata alimpigapiga begani. Kisha akavaa katambuga, akayapa mabati ya Lamadi mgongo, akaanza kurudi. Fabian alimbembeleza waingie tu, Felisita yuko palepale, amwone baba yake hata bila vumbi. Luhende alisema hatakwenda kwa mtoto mikono mitupu. Na kwa vile safari ilikuwa imekufa, chombo kilikuwa kimeruhusiwa, wakapanda nyuma ya pikapu iliyobeba mitumba, wakiwa wamelowa, upepo ukiwapitia mifupani mpaka Ngasamo.

Hakufika zaidi ya hapo. Homa ilimkamata kwa Evalina, wakampeleka zahanati, akawekewa maji, akachomwa sindano. Mganga alisema ni mapafu. Kila asubuhi Luhende alimwambia Fabian asome. Na Fabian alisoma, safari hii neno kwa neno, mvua, mvua, mvua na radi.

"Patakauka lini?" Luhende aliuliza.

Fabian akasema bado. Akauliza tena kesho yake, na Fabian akasema bado. Siku iliyofuata hakuuliza.

Walimzika Mwamapalala katikati ya matope. Felisita hakuja. Neno lilisema asikanyage, na aliyelisema alikuwa ndani ya shimo, na hakuna mtu wa ukoo aliyethubutu kumwambia njoo hivyohivyo. Matanga yalipokwisha, Philomena alimtuma Fabian aende kwa basi akamweleze mtoto baba yake alivyokufa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa naye.

Ndani ya basi Fabian aliitengeneza. Anaapa kwamba hakuwa na nia ya kujiokoa. Alitaka tu yule binti apate kitu cha kushika. Alimkuta Lamadi ufukweni, tumbo limeshajitokeza, anageuza dagaa juu ya nyavu chakavu zilizotandikwa mchangani. Wakaamkiana mwangaluka, akaletewa ndoo aikalie, akaanza.

Akamwambia baba yake alifika mpaka pale mabati yanapoonekana, vumbi la zizi limempanda magotini. Akamwambia mvua ilinyesha, ndiyo, lakini ilinyesha kulia na ikanyesha kushoto, njia ikabaki kavu kama mkeka, na Luhende akapita katikati. Kifua kilipombana, mzee alinywa funda la maji, akalipuliza kuelekea ziwani, akamtaja Felisita kwa jina, akasema neno limetoka. Akafa anacheka. Fabian aliisimulia vizuri kuliko alivyowahi kusimulia chochote. Machozi yalikuwa ya kweli.

Felisita alisikiliza hadi mwisho, mkono tumboni. Aliuliza ilikuwa siku gani. Fabian akasema Jumatano, ile Jumatano ya mvua ya kwanza.

"Baba mdogo," Felisita akasema. "Jumatano ile sikuanika. Hakuna mwanamke aliyeanika hapa. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulitazama simu, kama tunavyotazama kila jioni, maana dagaa akinyeshewa ni wa kutupa. Simu zote za Lamadi zilisema mvua mchana, na mchana ikanyesha, barabara nzima. Shangazi aliniambia baba alikuwa anasomewa na yako. Ilisema nini?"

Fabian alifungua mdomo. Mdomo ule haukuwahi kukosa neno. Alitafuta mtandao uliokatika, chaji iliyoisha, kinyozi wa Bariadi. Akayaona yote na hakuweza kuokota hata moja.

"Ilisema mvua."

"Na baba ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kavu."

Alingoja apigwe, au apigiwe kelele watu wakusanyike. Felisita aliinama akaendelea kugeuza dagaa, safu ile yote mpaka mwisho, kwa mkono mmoja. Kisha akatoa simu, akampigia shangazi yake, akaiweka kwa sauti kubwa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwambia Fabian arudie. Akarudia. Upande wa pili Philomena alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema aliyeiua safari ndiye mwenye safari. Atakanyaga zizi lile la Luhende, ataibeba miguu ya Luhende mpaka kwa mtoto, na atakapolowa atarudi aanze tena. Na hiyo simu janja aiache hukohuko Lamadi. Asipewe tena kusomea watu.

Fabian akaitoa mfukoni, akaiweka mkononi mwa Felisita. Alirudi nyumbani na kitochi cha kuazima, simu ndogo ya vitufe.

Mvua zilipopumzika Januari, mkewe Maximiliana alimfungia ugali na karanga, akamtazama akikanyaga zizi la marehemu. Alikwenda peke yake. Kila jioni kitochi kiliita, na sauti ya Felisita, bila salamu ndefu, ilimsomea kesho ilivyo. Yeye aliitikia tu, haya. Watu njiani walimwuliza mzee anakwenda wapi na miguu michafu hivyo. Akasema anakwenda kwa mtoto wa rafiki yake. Bariadi kinyozi alimkumbuka, akamletea kiti, akangoja. Fabian akaomba maji ya kunywa.

Kupita Dutwa, kiwingu kidogo ambacho hakikuwa kwenye utabiri wa mtu yeyote kilimmwagikia, dakika chache tu, kikaenda zake. Hapakuwa na mtu barabarani. Jua lilitoka palepale, na vumbi la Dutwa ni jekundu kama lile la nyumbani. Angejipaka na dunia nzima isingejua. Alikaa juu ya jiwe akaitazama miguu yake. Kisha akasimamisha lori la mahindi lililokuwa likielekea Bariadi. Jioni Felisita alipopiga, alimwambia yuko Mwamapalala, ataanza upya kesho. Felisita akasema kesho ni jua.

Mara hii alifika. Alifika mchana, amekonda, kidole kimoja cha mguu kimeng'oka ukucha, na vumbi la zizi likiwa limegandamana kwenye mikunjo ya vifundo. Felisita alikuwa mlangoni, tumbo sasa likiwa kubwa la kuinamia kwa shida. Marcelo alileta beseni na kigoda, akaondoka. Felisita alipiga magoti, akaishika miguu ile, akaanza kuosha.

Maji yalibadilika rangi. Aliyatazama, akachota kidogo kwa kiganja, akanusa. Samadi ya ng'ombe wa kwao. Hakuwa ameinusa tangu alipoondoka. Fabian akapewa kikombe, akanywa funda, akampulizia kifuani kama alivyoelekezwa.

"Neno limetoka," akasema.

"Baba angesema polepole," Felisita akamwambia, uso ukiwa bado chini.

Akarudia polepole. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kusimulia, na ya Luhende ilikuwa nzito na adimu. Haikufanana hata kidogo, na wote wawili waliisikia. Felisita akamwaga maji yale, akajaza mengine, akaendelea kuiosha miguu isiyo ya baba yake, kidole baada ya kidole, ingawa ilikuwa imeshatakata.